Mchana wa Kitindamimba, Usiku wa Kifunguamimba

Juni ikiingia, Ubaruku yote hunuka pumba mpya. Mashine za kukoboa hunguruma tangu alfajiri, malori hupanga foleni kusubiri mchele wa kwenda Dar es Salaam na Tunduma, na baba aliyekuwa akikopa sukari mwezi Februari sasa anauliza bei ya bati. Juni hiyohiyo shule hufunga. Mabasi ya barabara kuu yakisimama Igawa, kwenye buti hushuka matranka ya wanafunzi wa bweni: binti wa kidato cha tano kutoka Iringa, mdogo wake wa kiume wa kidato cha kwanza kutoka Njombe. Nyumbani wanasubiriwa na wa darasa la tatu, na kitindamimba wa miaka mitatu ambaye siku ya kwanza humkimbia dada yake kama anavyokimbia mgeni.

Ndugu wanne wa tumbo moja, nao huishi chini ya paa moja wiki chache tu za Juni na Desemba. Ndiyo maana swali la "mwaka huu tuwapeleke wapi watoto" limekuwa zito katika nyumba nyingi za wilaya yetu ya Mbarali. Zamani likizo ilikuwa kwenda kwa bibi kuamia ndege kwenye majaruba, na wengi wetu tulikua hivyo bila kulalamika. Siku hizi mzazi aliyeuza mpunga vizuri anataka watoto wake waone kitu, na wakione wakiwa pamoja.

Nikisikiliza mazungumzo haya, kwenye magenge ya chai ya Rujewa na hata baada ya ibada, nasikia majina ya mahali: Ruaha, Mikumi, Kunduchi, Kigamboni, Matema. Watu hubishana kuhusu pa kwenda mpaka chai ikapoa. Pa kulala hakuna anayepauliza mpaka siku mbili kabla ya safari, na hapo swali huwa moja tu, chumba bei gani. Baba anapata chumba cha bei ndogo, anapanga watu sita ndani yake, na siku ya pili asubuhi kila mtu amenuna. Watoto wanarudi wakisimulia simba au bwawa, lakini mama anajua kilichotokea. Mdogo alilia mchana kutwa kwa usingizi, na mkubwa alikaa usiku kucha nje ya mlango akichezea simu.

Ninaloamini, nami nalisema bila kusitasita, ni kwamba familia yenye watoto wa rika mbalimbali itazame mambo mawili kabla ya bei, kabla ya picha nzuri za bwawa, kabla ya yote. Mchana wa kitindamimba utapita wapi? Usiku wa kifunguamimba utapita vipi? Mtoto wa miaka mitatu huamka na jogoo na ikifika saa saba mchana amekwisha, hata umwonyeshe tembo kumi. Msichana wa miaka 17 saa hiyo ndiyo kwanza anaamka vizuri, na siku yake inanoga saa mbili usiku, mdogo wake anapotakiwa kuzimiwa taa. Wa katikati hawana tabu. Mmoja ataungana na wadogo kucheza, mwingine atajibanza kwa mkubwa. Ukiwapata hawa wa pembeni wawili, safari imekaa sawa.

Nianze na Ruaha, jirani yetu tusiyemjua. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, ardhi ya Usangu pamoja na ardhioevu ya Ihefu iliingizwa ndani yake, ikawa kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini mpaka ilipotangazwa ya Nyerere mwaka 2019. Kwa watu wa Mbarali tangazo hilo lilikuja kama habari ya vijiji, mashamba na ng'ombe, na mgogoro wake ulikwenda miaka 15 hadi Tangazo Na. 754 la Oktoba 2023 lilipochora mpaka upya. Hata hapo si kila aliyeguswa aliyeridhika. Mtoto wa Ubaruku amekua akilisikia jina la Ruaha likitajwa pamoja na faini na askari. Naona ni haki yake kulisikia na kwa njia nyingine pia, akiwa amejifunika shuka, simba akinguruma ng'ambo ya mto.

Na mto wenyewe ni wetu. Maji ya Ruaha Mkuu huteremka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, hupita Usangu, hugawanywa kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, hutulia Ihefu, ndipo yanapoingia katikati ya hifadhi na kuendelea hadi Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mto huu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi. Mtoto wa darasa la tatu ambaye kila siku anaona maji yakiingia kwenye jaruba la baba yake, siku akisimama Msembe, ndani ya hifadhi, na kuona mchanga mtupu pale mto ulipopaswa kuwa, ataanza kuuliza maswali ambayo sisi wakubwa tumeyakwepa. Mimi naona maswali hayo yanatosha kulipa nauli.

Kutoka Ubaruku unashika barabara kuu kupitia Igawa, Makambako na Mafinga mpaka Iringa mjini, zaidi ya kilomita 200, kisha karibu kilomita 130 nyingine kwenda Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi. Kuna wanaojaribu kumaliza yote kwa siku moja. Ukiwa na watoto usijaribu. Lala Iringa usiku wa kwanza, na usiku huo usiuone kama hasara. Mchana unaweza kusimama Isimila, kama kilomita 20 kabla ya kufika mjini, watoto waone nguzo za udongo na zana za mawe. Kesho yake, njiani kwenda Ruaha, Kalenga kuna makumbusho ya Chifu Mkwawa, ambako fuvu lake limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wa kidato cha kwanza hapo atakuwa na la kuwasimulia wenzake wote.

Sasa pa kulala Ruaha kwenyewe. Kuna ndani na kuna nje, na tofauti yake kwa mtu mwenye mtoto mdogo ni kubwa kuliko inavyosemwa. Ndani, Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lina malazi yake Msembe: vibanda vya siku nyingi kando ya mto, nyumba mpya zaidi, na hosteli inayopokea makundi ya wanafunzi. Zipo pia lodji za watu binafsi, kama Ruaha River Lodge yenye nyumba za mawe zilizojipanga juu ya mto, na kambi za mahema ya kifahari zinazotaja bei kwa dola. Nyingi za kambi hizo zina umri wa chini wa kupokea mtoto, nyingine miaka mitano, nyingine minane, kwa hiyo uliza kabla hujatuma pesa. Nje ya lango, kijiji cha Tungamalenga na maeneo ya jirani yana lodji na kambi za bei nafuu zaidi, na Ruaha Hilltop iko juu ya kilima, pa kutazamia bonde lote.

Wengi wa kwetu huchagua nje kwa sababu ya bei, na wasio na watoto wadogo hawakosei. Kijijini kuna maduka, kuna sauti za watu, kijana anaweza kutoka kutafuta soda na kurudi bila kusindikizwa na askari. Lakini fikiria mchana wa kitindamimba. Mmeingia langoni asubuhi, saa tano mmeshaona pundamilia na twiga wa kutosha, saa sita mdogo anaanza kulia. Mkilala nje, mna mawili. Mrudi kijijini, au mdogo alale akining'inia kwenye kiti cha gari lililosimama juani. Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, na masharti ya kutoka na kuingia tena ni jambo la kuuliza langoni kabla hujatoka, maana linaweza kukuongezea malipo usiyoyapanga. Aliyelala ndani anageuza gari, dakika chache yuko kwenye kibanda chake, mdogo analala kitandani mpaka saa tisa unusu, na jioni wanyama wanaposhuka kunywa maji familia nzima inatoka tena ikiwa na nguvu. Kwa familia yenye mtoto aliye chini ya miaka sita, mimi nitalipia ndani, hata ikibidi kupunguza usiku mmoja.

Nimelala Msembe na wanangu. Jioni tuliketi barazani na sufuria ya wali wa mchele wa nyumbani, mboga ikiwa dagaa tuliowanunua Iringa. Ng'ambo, kundi la tembo lilikuwa limesimama kwenye mchanga wa mto, jike moja likichimba kwa mguu wa mbele, taratibu, likipuliza mchanga pembeni na mkonga, mpaka shimo likaanza kutoa maji. Lilikunywa, likasogea kidogo, likamwachia mtoto wake. Binti yangu mkubwa alikuwa na vidude vya muziki masikioni tangu Iringa. Akavivua mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Baada ya muda askari akapita na tochi. "Mama, shikamoo. Naomba watoto wasishuke barazani baada ya hapa, na ukihitaji kitu usitume mtoto, niite mimi." Yule wa darasa la tatu akamwuliza kama tembo wanajua kuhesabu mashimo yao. Askari akacheka, akasimama akamjibu kwa kirefu, kama vile kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Onyo lile la askari lina maana kwenye kuchagua pia. Ndani ya hifadhi hakuna uzio. Giza likiingia hakuna kujizungukia wenyewe, kwa gari wala kwa miguu. Kijana aliyezoea kutembea atajiona amefungiwa, kwa hiyo mpe kitu cha usiku: baraza lake, kiti chake, kitabu, darubini, ndugu wa kuongea naye mlango ukiwa umefungwa upande wa wadogo. Malazi yenye baraza pana, au vyumba viwili vinavyopakana, yana thamani kubwa kuliko yenye televisheni. Na choo kiwe ndani. Hema linapendeza kwa wa miaka 13 na kuendelea, wenyewe hulitamani, ila mtoto wa miaka mitatu akiamka saa nane usiku anataka choo, na choo kiko mita 40 gizani, viboko nao wametoka majini kula majani, mzazi ataelewa kwa nini nasema hivi.

Chukua nguo za rangi ya udongo au kijani iliyofifia. Mbung'o wa Ruaha hupenda bluu iliyokolea na nyeusi, na sare nyingi za michezo za shule zetu ni rangi hizohizo. Neti ikaguliwe kabla ya mtu yeyote kuingia kitandani. Sisi wa mashamba ya mpunga malaria tunaijua kwa jina lake la nyumbani, lakini safarini watu husahau.

Kuna mambo mengine Ruaha ambayo yatawagawa watoto wako wapende wasipende. Safari ya miguu na askari mwenye bunduki, jambo ambalo kijana wa kidato atalisimulia mpaka mahafali, watoto wadogo hawaruhusiwi, na kwa kawaida mpaka ni miaka 12. Mzazi mmoja atatembea na wakubwa alfajiri, mwingine atabaki na wadogo. Hapo ndipo utajua kama ulichagua vizuri pa kulala, kwa maana anayebaki lazima awe na mahali pa kubakia penye kivuli, maji, na kitu cha kutazama. Kibanda kilicho kando ya mto kinampa aliyebaki karibu yote anayoyaona aliyekwenda.

Dar es Salaam ni habari tofauti. Huko ndiko kwenye michezo ya kujengwa: Wet 'n' Wild ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji, yenye mitelezo ya maji na mabwawa ya wadogo, na Fun City ya Kigamboni yenye mabembea makubwa na bwawa lake. Watoto wa Ubaruku wanaziona kwenye simu za kaka zao na wanazijua kwa majina kuliko wanavyoyajua maporomoko ya mkoani kwao. Siwalaumu. Mtoto aliyekulia penye mifereji ya umwagiliaji, anayekatazwa kila siku kuogelea humo kwa sababu ya kichocho, akiona maji safi ya bluu na mtelezo mrefu lazima moyo umdunde.

Tatizo la Dar ni umbali wa pili. Wa kwanza, karibu kilomita 700 kutoka Rujewa, kila mtu anaujua. Wa pili ni ule ulio kati ya kitanda na bwawa, ambao kwenye ramani unaonekana mfupi na kwenye foleni ya Mwenge au Mbagala unakula asubuhi nzima. Familia inalala Kariakoo kwa sababu gesti ni za bei nzuri, inaamka saa moja, inafika Kunduchi saa nne imechoka, saa nane mdogo amelala begani kwa baba yake, na wakubwa wanaambiwa watoke kwenye maji wakati ndiyo kwanza wamezoea. Kama mnakwenda Kunduchi, laleni Kunduchi, Mbezi Beach au Tegeta. Kama ni Kigamboni, vukeni daraja la Nyerere mapema, lile lililofunguliwa mwaka 2016, mlale hukohuko Kigamboni. Hoteli iliyo jirani na bwawa inaweza kuwa ghali kidogo, lakini mzazi mmoja anamrudisha mdogo kulala saa saba, na mwingine anabaki na wakubwa mpaka geti lifungwe.

Waliojenga biashara hii ya michezo duniani walilielewa hilo mapema. Walt Disney alipofungua bustani ya michezo ya Disneyland huko California mwaka 1955 pesa zilikuwa zimemwishia, hoteli ya jirani ikajengwa na mtu mwingine, Jack Wrather, kwa kibali cha kutumia jina. Kisha zikaota hoteli za watu wengine pande zote, na Disney akatazama faida ya vitanda ikienda kwa majirani. Alipokwenda Florida, kampuni yake ilinunua kimyakimya zaidi ya ekari 27,000, na bustani ilipofunguliwa Oktoba 1971 ilikuwa na hoteli zake yenyewe, moja ikipitiwa na treni ya reli moja katikati ya jengo. Alikuwa amekufa mwaka 1966, hakuiona. Lakini kilichouzwa kwenye hoteli zile ndicho kilekile anachokihitaji mama wa Ubaruku aliyeko Kunduchi, yaani kurudi chumbani mchana bila kukata tiketi mpya ya siku.

Najua wengi watasema, hoteli ya nini, tuna shangazi Mbagala. Mimi pia nina ndugu Dar, na naheshimu sana mlango unaofunguliwa bila malipo. Kwa kijana wako, nyumba ya shangazi inaweza kuwa bora kuliko hoteli yoyote: ana binamu wa rika lake, wanakesha sebuleni wakiongea, na mwisho wa wiki wanajuana kwa namna ambayo watoto wa bweni hawaipati. Kwa mdogo pia kuna mikono mingi ya kumbeba. Gharama iko kwingine. Hamwendi kwa shangazi mikono mitupu, na gunia la mchele ni haki yake. Siku ya kwanza ni ya salamu na huwezi kuaga asubuhi kwenda bwawani. Siku ya pili kuna mgonjwa wa kutazamwa Temeke. Kati ya siku nne za Dar, mnapata moja ya watoto. Ushauri wangu, na kuna ndugu watanikasirikia, ni kuzitenga. Anzeni kwa shangazi, mkae naye kwa heshima na kwa raha, kisha muage rasmi, na usiku mmoja au miwili ya mwisho mlale jirani na bwawa. Mwambie mapema kwenye simu, kabla hamjaondoka nyumbani: "Shangazi, tutakuja kwako kwanza, halafu Ijumaa tutawapeleka watoto Kunduchi tukalale huko." Aliyeambiwa mapema haoni amekimbiwa. Na mkiweza, mchukueni na binamu mmoja.

Kabla ya kulipa, hesabu umri wa watoto wako upya kwa kila dirisha. Kwenye hifadhi za TANAPA, mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwenye malipo, wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango cha mtoto, na akishatimiza 16 analipa kama baba yake. Kwenye treni ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 kwa nauli ya kawaida ya shilingi 13,000, wa chini ya miaka minne ni bure na wa minne hadi 12 ni nusu nauli. Kwenye mitelezo ya maji umri hauna kazi, wanapima kimo kwenye ubao, na hapo ndipo mtoto wa miaka minane aliye mfupi atalia kuliko wa miaka mitatu. Hoteli nazo kila moja ina mstari wake: pengine mtoto alalaye na wazazi hatozwi, pengine wa kuanzia miaka 12 anahesabiwa mtu mzima kwa kitanda na kwa chai ya asubuhi. Familia ile ya watoto wa miaka 3, 8, 13 na 17 inaweza kuwa na watu wazima watatu kwenye karatasi moja na wanne kwenye nyingine. Bebeni kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa, hata nakala, kwa sababu kiwango cha Mtanzania hupewa anayeonyesha kuwa ni Mtanzania. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali au kadi, kwa hiyo pesa ziwe kwenye simu au benki. Mtandao nao usiutegemee langoni.

Kuhusu vyumba, kuna jambo wenye hoteli hawalitaji na mzazi wa kwetu analijua. Binti wa miaka 17 na mdogo wake wa kiume wa 13 hawalali chumba kimoja, wala binti huyo halali chumba kimoja na baba yake. Kile kinachoitwa chumba cha familia, chenye vitanda vinne mstari mmoja, kimepangwa kwa watoto wadogo watupu. Vyumba viwili vya kawaida vinavyotazamana kwa mlango vinatusaidia zaidi: mama, binti na kitindamimba kimoja, baba na wavulana kingine. Bibi akiwepo mambo yanakuwa mepesi, yeye na binti na mdogo wanaunda chumba chao, na mara nyingi ndicho chumba chenye hadithi ndefu. Mwambie mtu wa mapokezi mpangilio huo kwenye simu, kwa sauti iliyo wazi, watoto wangapi, wa jinsia gani, umri gani. Chumba cha tatu ukikosa, godoro la ziada lisiwe la kifunguamimba. Kila mara huwa anapewa yeye kwa sababu ni mkubwa na ataelewa. Anaelewa, lakini anaumia, na ndiye aliyekosa nyumbani kwa miezi mitano.

Njiani pia mtalala, na hapo nina neno kuhusu gesti za barabara kuu. Makambako, Mafinga, Mikumi mjini, Morogoro, kote zipo nyingi, na nyingine ni safi na wenyewe ni watu wema. Nyingine zina baa chini na muziki mpaka alfajiri, na wapangaji wa saa mbili wanaoingia na kutoka. Ukifika, omba kuona chumba kwanza, simama kimya dakika moja usikilize, fungua bomba, funga mlango uone kama kitasa kinashika, ndipo ushushe mizigo. Hosteli za makanisa na misheni, ambazo Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya kuwa nazo kila mji, huwa na utulivu, chakula cha saa moja jioni na ua ambamo mtoto anaweza kukimbia. Kwa safari ya Dar na watoto, mimi huona kulala Mikumi au Morogoro ni bora kuliko kusukuma mpaka jijini usiku wa manane. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mkipita mchana watoto wataona twiga na swala dirishani bila kulipa kitu. Morogoro mnaacha basi, mnapanda SGR. Treni ile kwa mtoto wa miaka minane ni mchezo tosha.

Matema, kwenye Ziwa Nyasa, nimeitaja kwa haraka na haistahili haraka. Mchanga wake, milima ya Livingstone iliyosimama juu ya maji, na nyumba za wageni za ufukweni ni tulivu kwa mdogo, ila kijana wa mjini atachoka siku ya pili asipopata mtumbwi na mtu wa kumfundisha kupiga kasia. Hifadhi ya Kitulo nayo ni ya maua, na maua ni ya miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo likizo ya Juni utakuta nyasi na baridi kali.

Mwaka huu, kwa familia ile yenye kitindamimba wa miaka mitatu, ningelala Iringa usiku mmoja na Msembe usiku wa pili na wa tatu, kwenye vibanda viwili vinavyopakana kando ya mto, na ningepiga simu Aprili, kabla mpunga haujavunwa, kwa sababu wiki ya kwanza ya likizo makundi ya shule huwahi. Juni kiangazi kimeanza, nyasi zimelala, wanyama wako karibu na maji, na barabara za ndani hazina matope. Kunduchi ningeiahirisha miaka mitatu, mpaka mdogo afikie kimo cha ubao na wa miaka minane awe amefika darasa la sita. Binti wa kidato cha tano wakati huo atakuwa chuoni. Huyo ningemwambia leo, kabla hajarudi bwenini, kwamba safari hiyo atatusaidia kuipanga, na kwamba chumba atakachagua kwanza ni chake.